Masikio Yaliyopenda Muziki wa Kutisha

Wangeci, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu, ameniomba niandike machache kwa mafundi wapya wa sauti pale studio. Nilimwambia kwamba mimi si mwandishi, kazi yangu imekuwa kusikiliza. Akasema basi niandike nilichosikia. Nitajaribu. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini atafute mtu mwingine, kwa sababu katika studio ndogo kama yetu vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye studio na sisi wengine.

Nilianza kazi nikiwa kijana kutoka Machakos mwenye cheti cha kutengeneza redio. Studio ilikuwa River Road, Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la blanketi, na madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa magodoro ili kelele za mjini zisiingie. Nilidhani nimeitwa kushika bisibisi. Nikapokelewa na mama mfupi aliyevaa sweta hata Februari, Mama Njoki, fundi mkuu wa sauti. Yeye ndiye aliyetengeneza sauti za michezo ya redio, matangazo ya biashara na nyimbo za kwaya. Hakunionyesha mashine hata moja. Alinipeleka katika chumba cha kurekodia, akanikalisha kitini, akazima taa, akafunga mlango. Alipofungua aliniuliza nimesikia nini. Nikasema sijasikia kitu. Akafunga tena.

Alifanya hivyo asubuhi nzima. Mwisho nikaanza kusikia maji yakishuka kwenye bomba la ukutani, cherehani ya fundi wa nguo wa ghorofa ya pili, na tumbo langu mwenyewe, maana nilikuwa nimetoka bila chai. Nilipomwambia hayo, akasema sasa nimeanza kazi, niende nikanywe chai.

Nyinyi mnaokata sauti kwa kidole kwenye kompyuta hamtaamini tulivyokuwa tukikata. Sauti ilikaa kwenye tepu nyembamba ya rangi ya kahawia, imezungushwa kwenye magurudumu mawili. Ulizungusha magurudumu kwa mkono, polepole, na neno likapita likinguruma kama mnyama mgonjwa, mpaka ukapata mahali linapoanzia. Hapo unatia alama kwa kalamu ya nta ya njano, unakata kwa wembe, unaunganisha kwa karatasi ya gundi. Kukosea ni kumkata mhubiri katikati ya haleluya. Miezi ya kwanza vidole vyangu vilikuwa na plasta nyingi kuliko kucha.

Kuhusu muziki wa filamu za kutisha, ambao watu wote pale studio wanajua ndio ugonjwa wangu, ulianza kwa Mama Njoki pia. Jumamosi moja tulimaliza kazi mapema, akanipeleka kwenye jumba la sinema mjini. Ilikuwa filamu ya nyumba yenye mizimu. Taa zilipozimwa, akaniambia nifumbe macho na nisiyafumbue mpaka mwisho. Mjue watu wa Nairobi hawatazami filamu ya kutisha kimya. Walimshauri yule mwanamke wa kwenye filamu asifungue mlango, walimtukana alipoufungua, walicheka. Mimi niliyekuwa sioni kitu ndiye niliyeogopa kuliko ukumbi mzima. Shati lilinishika mgongoni. Picha iliwaonyesha wao mlango tu. Muziki uliniambia mimi kwamba nyuma ya ule mlango kuna kitu, na kwamba kimekuwepo muda mrefu.

Tulipotoka, Mama Njoki aliniuliza ni wapi niliogopa zaidi. Nikataja mahali fulani karibu na katikati. Akaniambia mahali hapo hapakuwa na kitu kwenye picha, ni korido tupu. Alikwenda kupanga foleni ya gari la kurudi kwao Kikuyu, akaniacha nimesimama pale kama mtu aliyeibiwa.

Baada ya hapo nilikuwa mgeni wa kila mara kwenye jumba lile. Kulikuwa na muuzaji wa vitabu na rekodi kuukuu kando ya barabara, na kila alipopata kaseti yenye muziki wa filamu za aina hiyo aliniwekea chini ya meza, kama mtu anayeuza kitu haramu. Aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama nyumbani kila mtu ni mzima.

Nitawaambia kwa nini nilipenda ule muziki, kwa sababu watu wengi hudhani mpenzi wake lazima awe na kasoro. Mchana kutwa mimi nilirekodi matangazo ya mafuta ya kupikia, ambamo mama hucheka, watoto hucheka, na baba anaporudi kutoka kazini hucheka pia. Nilirekodi kwaya ambazo ushindi ulikuwa umepatikana tangu ubeti wa kwanza. Sina ubaya nazo, zimenilisha. Lakini muziki wa kutisha ni muziki pekee ninaoujua usiokuahidi kwamba mambo yatakuwa sawa. Unaanza na sauti nzito iliyo chini kabisa, ambayo huisikii kwa sikio, unaisikia tumboni. Juu yake unawekwa wimbo mdogo, pengine wa kumbembeleza mtoto, ila nota moja imepinda kidogo. Halafu ule wimbo unakwenda mahali unapotakiwa kumalizikia, na haumaliziki. Unaachwa hapo mguu mmoja hewani. Anayeutunga anajua mambo ya maisha kuliko mtunga tangazo la mafuta.

Na zaidi ya yote nilizipenda fidla. Fidla nyingi zikipigwa pamoja juu kabisa, kule ambako sauti inakuwa nyembamba kama uzi wa buibui, huleta baridi ambayo hakuna ngoma wala mayowe yanayoweza kuileta. Ningeweza kusikiliza uzi huo mmoja mchana kutwa.

Nilipooa, mke wangu Ndunge alivumilia wiki moja. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Mountain View, nyumba ya vyumba viwili, naye alikuwa akiimba katika kwaya ya kanisa. Jioni moja aliponda vitunguu saumu huku nikimwekea kaseti ninayoipenda kuliko zote. Akatoka jikoni na mchi mkononi.

"Hii nyumba tumeiombea juzi tu," akasema. "Hiyo kitu itoke."

Alinieleza baadaye, alipotulia, kwamba filamu zenyewe hazimsumbui, mtu anaweza kugeuza uso. Muziki ndio hautaki, kwa sababu unakukuta hata ukiwa umegeuka. Sijawahi kusikia mhakiki yeyote akieleza sanaa hii vizuri namna hiyo. Kaseti zikahamia studio, na tangu siku hiyo hakuna nota moja ya kutisha iliyolia ndani ya nyumba yetu. Nilimlinda hata binti yetu Mwende, ambaye alikua akidhani baba yake anarekodi kwaya tu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Mara ya kwanza tulipoombwa sauti ya marehemu anayerudi, katika mchezo wa redio, Mama Njoki alichukua upinde wa fidla akausugua kwenye ukingo wa mfuniko wa sufuria. Mfuniko ulilia kwa namna ambayo fundi wa nguo alipanda juu kuuliza kama kuna mtu ameumia. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ya piano ya Lavington.

Tulihitaji sauti ya chini, nzito, ndefu, na studio haikuwa na piano. Mama Njoki alifahamiana na mama mmoja wa mtaa wa Lavington aliyekuwa na piano ambayo haijaguswa tangu watoto wake wahame nchi, naye akaturuhusu twende mchana akiwa kazini. Askari wa getini alitazama maikrofoni zetu akauliza kama ni muziki wa kanisa. Mama Njoki akamjibu kwamba ni wa majirani wa kanisa, wale wa makaburini. Tulifunua mgongo wa piano, tukapitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki chini ya nyaya nene, mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine, tukavuta huku na huku polepole kama watu wanaokata gogo kwa msumeno. Piano ikaanza kupumua. Sina neno jingine. Ilikuwa kama kitu kikubwa sana kimelala chini ya nyumba ile na sasa kinageuka. Huko nje makasi ya mkata ua yalinyamaza.

Msichana wa kazi, Kasyoka, alikuwa ametuletea chai. Alisimama mlangoni na sinia, hakuingia. Nilipomtazama nikaona machozi yanamtoka, na wala hakuwa akiyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na sinia. Tukaacha kuvuta. Nilimuuliza kwa Kikamba ni nini. Akasema si kitu, ila sauti ile imemkumbusha siku ambayo kaka yake alifukiwa na kisima alichokuwa akichimba. Watu walikuwa wakichimbua, na wao wamekaa nyumbani wakingoja mtu aje awaambie. Sauti hii, alisema, ni ile saa ya kungoja.

Nilimtafsiria Mama Njoki. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema kitu, kisha akasema tufungashe, tumeshapata. Nilitaka turekodi mara ya pili, maana ndio utaratibu, akakataa. Tulipokuwa tunashuka na vyombo kuelekea getini aliniambia, "Umemsikia huyo dada? Hajaogopa shetani. Ameogopa habari."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijapata somo lingine la kuzidi hilo. Mtu anayetunga muziki wa kutisha akifikiria majini na damu atatunga kelele. Akifikiria mtu aliyekaa nyumbani akingoja kuambiwa, atatunga muziki.

Kisha mambo yakaenda yanavyokwenda. Tepu zikaisha, kompyuta zikaja, magodoro ya madirishani yakabadilishwa kwa sponji za bei ghali zinazofanya kazi ile ile. Mama Njoki alistaafu kwa sababu ya miguu, ngazi zilimshinda, na baada ya muda tukamzika kwao. Kwaya ya mazishi ilikuwa na spika mbovu, na nina hakika zingemkera. Mimi nikawa ndiye mtu mzima wa studio. Watu walianza kuniita Fundi bila jina, na nikimwambia kijana kwamba jambo fulani halinipendezi, kijana huyo hanibishii tena. Wakati ule nilidhani ni raha.

Wangeci alikuja akiwa amesomea vyombo vya sauti chuoni. Siku yake ya kwanza nilimkalisha gizani kama nilivyokalishwa. Nilipofungua mlango akasema, "Fundi, kuna kitu inalia kama mbu hapa kwa dari." Nikasikiliza. Hapakuwa na kitu. Nikamfungia tena. Alirudia jibu lile lile, na baada ya siku chache fundi wa umeme akaja akabadilisha taa ya dari, ambayo kwa kweli ilikuwa ikilia. Nilisema moyoni kwamba binti ana masikio makali. Halikunijia wazo jingine lolote.

Wakati huo huo mlio ulikuwa umeanza kichwani mwangu. Ni mlio mmoja mwembamba usiokatika, kama runinga ya zamani iliyoachwa ikiwaka chumba cha pili. Nimepewa muziki wangu mwenyewe wa kutisha, bure, na hauna kitufe cha kuzimia.

Sasa nifike kwenye filamu ya mwisho. Ilikuwa ya mwongozaji kijana, Kamau, mtu wa adabu sana, na muziki ulitungwa na msichana wa mtaa wa Satellite anayeitwa Mutheu. Alikuwa amewarekodi vijana watatu wapiga fidla wa kanisa lao, sebuleni kwao, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Nilipoyasikia hayo magodoro nilimpenda kabla sijasikia nota moja. Filamu yenyewe ilikuwa rahisi. Mama anamngoja binti yake arudi kutoka shule, jioni inaingia, binti harudi, na kuna mtu anayepanda ngazi za nyumba ambaye si binti. Kuelekea mwisho, mama amesimama nyuma ya mlango. Muziki wote unaondoka, inabaki fidla moja, juu kabisa, inapungua na kupungua mpaka inaisha. Panakuwa kimya. Kisha mtu anabisha hodi.

Ilikuwa kazi yangu kuchanganya yote hayo, maneno, nyayo, muziki, kila kitu kikae mahali pake. Nilikaa kwenye kiti, nikafanya kama nilivyofanya siku zote. Ile fidla ya mwisho niliiona imefifia mno, nikaiinua. Nikaiinua tena. Nilipofumbua macho Mutheu alikuwa ameziba sikio moja kwa kiganja.

"Fundi, huoni imekuwa kali kidogo?" akauliza.

Nilimweleza kwa kirefu kwamba kwenye ukumbi mkubwa sauti za juu hupotea, kwamba mpiga fidla ataniambia asante. Pia nikalalamika kwamba kimya kinachofuata ni kirefu mno, mtazamaji atachoka, Kamau akipunguze. Mutheu alimtazama Kamau. Kamau akatazama sakafu, akasema tumwache Fundi afanye, yeye ndiye anayeijua hii kazi. Wangeci alikuwa amekaa nyuma yetu. Kamau akakata kile kimya. Tuliagana vizuri.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Wangeci amefika kabla yangu na amenitengenezea chai, jambo ambalo si kawaida yake. Alifunga mlango.

"Fundi, nataka kukuambia kitu, na naomba usikasirike mpaka nimalize."

Nikakaa.

"Hiyo fidla ya mwisho inachoma. Watu wataziba masikio. Jana Mutheu ameenda nyumbani akilia, na hawezi kukuambia, ni heshima." Akanisogezea kikombe. "Na si hii filamu peke yake. Ni karibu mwaka sasa. Ukishaenda nyumbani huwa narudi kwa kazi yako napunguza zile za juu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mwaka mzima.

"Nilikuwa nangoja uambiwe na mkubwa," akasema. "Halafu nikaona hapa hakuna mkubwa, ni wewe tu."

Ningependa kuwaambia kwamba nililipokea kiungwana. Sikulipokea namna yoyote. Nilikunywa chai, nikamwambia ninaenda kununua waya, nikashuka ngazi nikatembea mjini bila kununua kitu. Nilipita barabara za maduka ya spika, ambako kila duka hupiga wimbo wake ili kulizidi la jirani, na nikajaribu kuzichambua zile sauti kama nilivyofundishwa. Ngoma nilizipata. Maneno niliyapata. Kengele za baiskeli, filimbi za makonda, vile vitu vidogo vinavyong'aa juu ya kelele, sikuweza kukumbuka nilivisikia mara ya mwisho lini. Nilikuwa nimedhani mji umetulia kidogo.

Daktari wa masikio aliniingiza katika kibanda akanipa kitufe cha kubonyeza kila nisikiapo sauti. Nilibonyeza mwanzoni, kisha nikakaa muda mrefu nikidhani mashine imesimama. Aliponionyesha mchoro, mstari ulikwenda sawa halafu ukaporomoka kama mteremko wa kuingia bondeni Kangemi. Aliniuliza kama nimekuwa nikitumia hedifoni kazini. Nikacheka, naye akaelewa. Alisema umri umechangia na kazi imechangia, na kwamba kuna kifaa cha kunisaidia kusikia maneno ya watu. Nilimuuliza kuhusu fidla. Akasema kwa maneno, kifaa kinasaidia sana.

Ndunge nilimwambia jioni hiyo. Alikaa nami kwenye kochi. Hakusema kwamba afadhali, ingawa kwa haki angeweza.

Niliwaita Kamau na Mutheu warudi studio, na safari hii nikamwambia Wangeci akae kwenye kiti changu mbele yao. Niliwaeleza kwa ufupi. Kamau alianza kusema kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa poa tu, Fundi, nikamwomba aache. Mutheu alivuta kiti chake karibu na cha Wangeci na wakaanza. Wangeci akairudisha fidla chini pale ilipoandikwa. Kamau akakirudisha kile kimya. Mimi nilikaa nyuma, mahali pa wanaojifunza.

Walipofika kwenye kile kimya wakakwama. Kamau alikuwa hajui kiwe kirefu kiasi gani, na Wangeci alikuwa hajawahi kufanya filamu ya kutisha. Wote wakageuka kunitazama. Niliwaambia siwezi, kwa sababu sijui nota inaishia wapi.

"Basi nitakuonyesha," Wangeci akasema. Akainua mkono. "Mkono ukiwa juu, bado iko. Ikiisha nashusha."

Tukaicheza. Niliisikia fidla inavyoanza kupungua, kisha kwangu ikaisha, na nikatazama ule mkono. Ulikuwa juu. Yule mama wa kwenye filamu akasogea hatua kuelekea mlangoni, mkono bado uko juu. Akaweka sikio kwenye ubao, mkono bado. Nilikuwa nimekalia chumba kimya kabisa, na watu watatu mbele yangu walikuwa wakisikiliza kitu. Nikaelewa kwamba kile nilichokiita kimya kirefu mno, nilichomwambia Kamau akikate, ndicho kilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za muziki wa Mutheu. Nilikuwa nimeitupa pipani kwa mamlaka yangu yote.

Mkono ukashuka polepole.

Hapo nikafumba macho. Kimya changu na chao sasa kilikuwa kimoja, na kimya ninakijua. Niliwaambia wasubiri. Kamau akasogea kwenye kiti, nikamwambia asubiri. Nilimngoja yule mama achoke kuogopa, aanze kudhani labda ni upepo, labda ni jirani. Nikasema, "Sasa." Wangeci akaingiza hodi.

Mutheu, ambaye alikuwa ameiona filamu hiyo hata akaichoka, aliruka mpaka kalamu yake ikaangukia chini ya meza. Kisha akacheka huku ameshika kifua, na Kamau naye akacheka, na nikajua tumeshapata. Sikuona haja ya kurudia mara ya pili.

Mwisho wa mwezi nilimwambia mwenye studio kwamba inatosha. Alijaribu kunibakiza kwa maneno mazuri. Nilikuwa nimechoka, na si masikio tu. Kusikiliza kwa bidii kunachosha kuliko kubeba magunia, na mtu akifanya hivyo maisha yake yote hutamani siku moja kusikia tu, ovyo ovyo, kama watu wengine. Siku ya kuondoka nilimwachia Wangeci upinde wa fidla na kumwambia mifuniko mizuri ni ile ya zamani, mizito. Wale mliokuwepo mlikula keki.

Filamu ilionyeshwa mjini Jumamosi mchana. Nilimwambia Ndunge kwamba halazimiki kuja. Alivaa nguo yake ya kanisani, akafunga kilemba, akasema ni kazi ya mwisho ya mume wake na hataisikia kwa watu. Tulikaa safu ya katikati. Watazamaji walikuwa wa Nairobi ile ile, walimwelekeza yule mama la kufanya tangu mwanzo. Lakini alipofika nyuma ya mlango wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja, mpaka ukumbi wote. Kwangu palikuwa kimya tayari. Ndunge alikuwa amenishika mkono wa shati, na niliutazama mkono wake badala ya pazia. Ulikaza, ukakaza, ukabaki hivyo muda mrefu. Ulipolegea kidogo nikajua fidla imeisha. Hodi ilipobishwa ukumbi mzima ulipiga kelele, na yeye pamoja nao.

Tulitoka tukakutana na jua kali na wang'arisha viatu. Tulikaa kwenye ukuta mfupi nje kumngoja Mwende aje kutuchukua na gari. Ndunge alikuwa akijipepea na tiketi. Alisema hatarudi tena kwenye mambo haya, na nisimwombe. Baadaye kidogo akaniuliza, "Ile kitu ilikuwa inalia kabla mtu abishe hodi, ilikuwa nini?"

Nikamwambia ni fidla, fidla moja tu, ya kijana mmoja wa Satellite.

"Hiyo haikuwa kama fidla."

"Ilikuwa kama nini?"

Aligeuka akanitazama, na nikaona amekumbuka kwamba mimi sikuisikia. Alikunja tiketi. Alifikiri kama anavyofikiri wanapomwomba kanisani aanzishe wimbo.

"Unakumbuka Mwende akiwa mtoto mchanga," akasema, "unaamka asubuhi na hujamsikia? Hujaenda kumwangalia bado. Umelala tu hapo unasikiza kama anapumua. Sasa kuna kitu ndogo unasikia, ndogo sana, na hujui kama unaisikia ama ni wewe unaitaka. Hivyo ndivyo ilikuwa. Halafu ikaisha."

Nikamwomba anieleze tena, na akanieleza.